Studio ya Magunia ya Maharage

Binti yake alinipigia simu Jumatano asubuhi, wakati natafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. "Mwalimu," akasema, "baba ametutoka." Siku hizi hakuna anayeniita mwalimu isipokuwa watu wa Ngara, kwa hiyo kabla hajaeleza zaidi nilishajua ni baba yupi. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu masika. Akalazwa, akatoka, akadai amepona, na alfajiri ya Jumanne akaondoka. Alasiri ya siku hiyo hiyo wakamzika Murusagamba, kama ilivyo ada ya Waislamu, na mimi huku mjini nilikuwa kwenye mkutano wa wahariri nikibishania ukubwa wa picha. Nilikasirika, nawaambia kweli. Sikumkasirikia binti, nilimkasirikia marehemu, ambaye maisha yake yote hakumsubiri mtu wala kitu chochote isipokuwa msimu wa maharage. Baadaye hasira ikaisha nikalia, nikanywa chai iliyokwisha poa, nikaiweka kando safu niliyokuwa nimeiandaa kuhusu matamasha ya mwisho wa mwaka. Matamasha yatakuwepo tu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kazi hii imenifikisha kwenye studio nyingi za kurekodia muziki. Nimekaa katika studio moja ya Ulaya iliyokuwa kanisa, ambamo mafundi bado wanazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba padri yuko nyuma ya pazia. Nimeona nyingine iliyokuwa karakana ya treni, na nyingine katika nyumba ya mkulima katikati ya mashamba ya ngano, ambako wanamuziki maarufu hulala chumba kimoja na magitaa yao. Nairobi nimeingia chumba chembamba kama korido, kilichotoa nyimbo ambazo watu wa rika langu tulizichezea kwenye harusi zetu. Kila nilikokwenda, mwenyeji alinionyesha mashine, nami nilitikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa nusu ya niliyoambiwa. Na kila nilipotoka nilijiuliza kama pale panalifikia lile ghala letu. Sijawahi kujijibu ndiyo. Studio bora niliyowahi kuingia ilikuwa ghala la kijiji cha ujamaa wilayani Ngara, na marehemu ndiye aliyekuwa mtunza ghala.

Nilipelekwa kijijini hapo nikiwa mwalimu mpya, msichana mwenye sanduku moja, nikitokea Tabora. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya kuliko mimi. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka kwenye migomba yao ya zamani, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa, na habari za nani alikuja vipi hazikuzungumzwa mbele ya viongozi. Wahangaza ndio waliokuwa wengi. Walikuwepo Wasubi pia, na familia kadhaa za Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakifuata malisho. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ofisi na soko, na mtu akifika kwake alikivua mlangoni pamoja na viatu. Marehemu alikuwa wa peke yake. Ukoo wao ulitoka pwani enzi za misafara, ukafungua duka Biharamulo mjini. Duka lilipofungwa kupisha la ushirika, yeye akaja kijijini akapewa ghala, kwa kuwa alijua kupima na kuandika. Alikuwa na majivuno yote ya mtu wa pwani, na bahari hakuwahi kuiona. Alivaa kofia ya viua hata akibeba magunia, alisahihisha Kiswahili cha kila mtu kikiwemo changu, na wali wa kijiji kizima aliuita uji. Watu walimcheka, na wachache walimwita mtoto wa mlanguzi alipowapa kisogo. Alikuwa anasikia. Siku moja aliniambia kwamba katika viungo vyake vyote hakuna kinachomtesa kama masikio.

Masikio hayo ndiyo yaliyomfanya atafute redio kaseti, kubwa, yenye uwezo wa kunasa sauti, iliyovuka mpaka wa Rusumo kwa njia ambazo hakupenda kuzieleza. Ilitumia betri, ambazo sisi tuliziita mawe, na mawe yalikuwa adimu kama sukari. Kwanza alinasa mambo ya kipuuzi tu: mbuzi, mvua, mwenyekiti akihutubia. Kisha siku moja, baada ya mavuno, alikuwa anafagia ghala huku akiimba kaswida na mashine iko wazi. Alipoisikiliza alikuja mbio shuleni, akanitoa darasani mbele ya wanafunzi wangu. "Mwalimu, njoo usikie. Nimo ndani ya sikio langu mwenyewe!" Nikaenda nikasikia, na kweli sauti yake ilikuwa imetulia, nene, karibu sana, hata ile pumzi ya kuvuta kabla ya neno ilisikika. Ghala hilo lilikuwa la matofali na mabati, na sakafu ya saruji. Likiwa tupu, ukikohoa humo kikohozi kinazunguka kuta zote kabla ya kukurudia. Lakini magunia ya maharage yakishapangwa pande zote mpaka karibu na dari, pakabaki uwazi wa ukubwa wa chumba katikati, mwangwi wote unakufa. Maharage yaliumeza.

Basi kuanzia hapo tukawa watu wa msimu. Kulikuwa na wakati wa kupanda, wakati wa kupalilia, wakati wa kuvuna na wakati wa kurekodi. Alipanga magunia kwa namna yake, akiyahamisha moja moja na kupiga makofi kila baada ya muda kusikiliza. Juu alitandaza majani makavu ya migomba ili bati lisipige kelele likipata joto. Mimi nilikuwa na kwaya ya vijana, naye akaigeuza kuwa yake bila kuniomba. Wasukuma walikuja na ngoma yao wakalazimika kuvua njuga, wakanuna, wakacheza bila njuga na bado wakavunja kibao cha mlango. Ndani ya ghala hakuruhusu kikohozi wala chafya, wala mtu kukuna kichwa. Alikuwa dikteta, na sote tulimtii kwa sababu tulitaka kujisikia tukiwa tumetoka vizuri namna ile.

Alichokitaka yeye kilikuwa kimoja, na hakukificha: kijiji chetu kisikike redioni. Kila jioni redio ya taifa ilipiga kwaya za huku na ngoma za kule, na sisi wa huku mpakani tulisikiliza kama watu wanaochungulia karamu dirishani. Nadhani pia alitaka wale waliomwita mtoto wa mlanguzi wasikie sauti zao zikitoka Dar es Salaam kwa kazi ya mikono yake. Hilo hakulisema, ila mimi namjua. Alikwisha kujaribu mara moja, kabla hajajua siri ya magunia. Alimpa dereva wa lori kaseti aifikishe, na baada ya muda mrefu dereva akairudisha na maneno ya mdomo: sauti ina mwangwi, na kuna kuku anasikika. Kuku huyo alikuwa wa mwenyekiti, na cheo cha mwenye kuku ndicho kilichomwokoa. Mwaka ninaousimulia, mavuno yalikuwa makubwa na malori ya kuyachukua yakachelewa, kwa hiyo ghala lilijaa miezi na miezi. Kijana mmoja wa kwaya, mtoto pekee wa kiume wa mama mmoja mjane wa Kisukuma, alikuwa ametunga wimbo ambao hata mimi, mwenye wivu wa mwalimu, nilikiri kuwa ni mzuri. Marehemu aliagiza kaseti mpya kutoka Bukoba na mawe mapya. "Safari hii," aliniambia, "watatafuta kuku mpaka wachoke."

Kisha vita vikaja. Redio ile ile ikatangaza kwamba nchi imevamiwa, kaskazini mwa mkoa wetu, ng'ambo ya mto Kagera. Vijana wangu wa kwaya karibu wote walikuwa mgambo, na katika siku chache wakaambiwa lori litawafuata. Kabla ya lori lao yakaja malori ya chakula. Askari lazima ale, hakuna aliyebisha, na marehemu mwenyewe aliyabeba yale magunia mgongoni akisaidiana na vijana, kofia yake ya viua imeloa jasho. Jioni ghala lilikuwa tupu kama siku lilipojengwa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama katikati, anapiga makofi, na makofi yanamrudia. Vijana walikuwa wanaondoka mchana ule. "Wimbo umekufa," akasema. Wazazi walikuwa wamekwisha kusanyika nje, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona siku ya mkutano wowote, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba sauti za watoto zitabaki kijijini. Alitoka akawaambia haiwezekani, akaeleza habari ya mwangwi kwa maneno marefu ya kipwani ambayo wengi hawakuyaelewa.

Yule mama mjane, mama wa mtunzi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti aliuepuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa lafudhi yake ya Kisukuma, "Kwani mahalage yalifanya kazi gani humo?"

"Yalijaza kuta, mama. Sauti inataka kitu laini cha kuizuia isirudi."

"Na sisi je? Sisi ni mawe?"

Marehemu alimtazama. Akalitazama kundi la watu pale nje, na mablanketi yao, na kanga, na mashuka, maana asubuhi za huko zina baridi. Halafu nikamwona anaanza kupanga. Aliwaingiza kama alivyoingiza magunia: warefu nyuma wakiwa juu ya mabenchi ya shule, wafupi mbele, wanene penye pembe, akina mama wenye kanga nyingi mkabala na mlango. Mzee mmoja wa Kihangaza aliyekuwa hasemi na jirani yake tangu siku ya kugawiwa viwanja alijikuta amebanwa naye bega kwa bega. Akafungua mdomo alalamike, akaufunga. Watoto wachanga walinyonyeshwa kwanza. Akapiga makofi, na makofi hayakurudi. Nimeona kuta za studio zilizofunikwa sufu, mazulia, mbao zilizochongwa kwa hesabu za wataalamu. Ukuta wa watu sijauona tena popote.

Akawapa amri zake: asikohoe mtu, asipige chafya, asilie. Kulia alikutilia mkazo, na nilimwelewa. Lakini kuna jambo moja hakulikataza, na ni kwa sababu hakuna mtu wa kule ambaye kulikataza kungempitia akilini. Mashine ikaanza kuzunguka, vijana wakaanza kuimba, na kuta zile za watu zikanyamaza kimya ambacho bado nakisikia. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Wa pili ukawa bora zaidi. Katikati ya ubeti wa tatu mlango ukafunguka taratibu, akaingia babu yake yule kijana mtunzi, aliyekuwa amechelewa kwa sababu ya ng'ombe, fimbo mkononi na kaniki begani. Mjukuu aliyekuwa anaongoza wimbo akamwona. Akaacha kuimba. Mtu aliyelelewa vizuri aendelee kuimba mbele ya babu yake bila kumwamkia? Haiwezekani. "Shikamoo, babu." Na hapo hapo kwaya nzima, na kuta zote za ghala, vijana kwa wazee wadogo, kwa sauti moja: "Shikamoo!"

"Malahaba," akajibu mzee, kwa utulivu wa mtu asiyejua ameharibu nini. "Malahaba, mjukuu wangu. Endeleeni."

Wakaendelea. Wakaumaliza wimbo, na mzuri. Marehemu alizima mashine, akavua kofia, akaketi sakafuni. Nilidhani atamtukana mzee. Hakumtukana, maana naye alikuwa mmoja wa walioitikia. Nilimwona kwa macho yangu. Akairudisha kaseti nyuma tuisikilize. Ubeti wa kwanza, wa pili, kisha ile salamu ikatoka kwenye spika, wazi kabisa, na jibu lake, na watu wakacheka mpaka mabenchi yakayumba. Yeye hakucheka. Nje lori la mgambo lilikuwa limefika na dereva anapiga honi. Mawe yalikuwa yameanza kuchoka; taa ndogo ya mashine ilishafifia. Yangetosha kuimba mara moja zaidi, basi. "Tunaanza upya," akasema. "Mzee, kaa hapo. Mwingine asiingie. Haraka."

"Ludisha pale kwenye salamu," akasema yule mama.

"Mama, hatuna muda."

"Lejesha."

Akarejesha. Sauti ya kijana ikasema shikamoo, ya babu ikajibu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama akasogea mbele kutoka kwenye ukuta. "Wimbo mimi naujua," akasema. "Ameuimba nyumbani mpaka mbuzi wanaujua. Nataka hiyo salamu. Humo amemsalimia babu yake, mimi hajanisalimia."

"Redio haiwezi kupiga salamu, mama. Wataturudishia tena."

"Ledio inamjua nani hapa?"

Nilikuwa nimesimama karibu na marehemu na niliuona uso wake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Najua alichokuwa anakipima, kwa sababu alikuwa amekizungumzia kila siku tangu nimjue: kijiji kutajwa, sauti kutoka Dar es Salaam, wale wa nyuma ya kisogo kunyamaza. Kaseti safi, wimbo safi, imebaki nafasi moja tu ya kuimba. Honi ikapigwa tena. Akashusha pumzi, akachukua kipaza sauti kutoka kwenye kigoda alipokuwa amekiweka, akamkabidhi yule kijana mkononi. "Msalimie mama yako," akasema. "Sema polepole."

Kijana akasema, "Shikamoo, mama." Na mama akajibu, "Malahaba, baba. Uludi salama." Kisha akaja wa pili, na mama yake, na wa tatu na baba yake aliyeitikia kwa Kihangaza kwa sababu Kiswahili kilimkimbia. Walikuja wote, mmoja mmoja, kipaza sauti kinapita mkono hadi mkono. Wengine walisema salamu tu. Mmoja alimkumbusha mdogo wake asisahau kuwanywesha ndama. Marehemu alikaa na sikio lake kwenye spika, na mtu wa mwisho alipojibiwa, mashine ikapunguza mwendo, ikanguruma kidogo, ikasimama yenyewe. Wakapanda lori. Hatukurekodi wimbo tena.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nilidhani nitamwona akitunzwa. Haikuwa hivyo mara moja. Vita vilikwisha, na vijana karibu wote wakarudi. Walishuka wakiwa wamekonda na wana maneno machache, na kijiji kikachinja ng'ombe. Kijana wetu mtunzi hakurudi. Marehemu aliiweka kaseti ile katika mkebe wa chai, na tangu siku hiyo akakataa kurekodi. Mavuno yaliyofuata ghala lilijaa, kwaya ikaja, akasema hana mawe. Mawe yakapatikana, akasema mashine mbovu. Nilimgombeza. Nilimwambia ana uvivu na kiburi, akanisahihisha sarufi. Baadaye nikahamishwa, nikaacha ualimu, nikaangukia magazetini, na mara chache nilizokutana naye Ngara mjini alinisimulia habari za kila kitu isipokuwa hiyo. Niliishi miaka mingi nikiamini kwamba vita vile vilimwua mtunzi mmoja na kumnyamazisha fundi mmoja.

Sitaki kuuremba ujamaa. Nilikuwepo, na nilikula ule uji alioucheka. Kuna watu waliopoteza migomba iliyopandwa na babu zao, na wengine hawakusamehe mpaka wanaingia kaburini. Lakini ghala lile lilijengwa na watu wasiopendana wote, wakibeba matofali kichwani kwa zamu, na asubuhi ile liliwahitaji wasimame pamoja bila kusema neno, wakasimama. Ninapoona vijana wa leo wanarekodi chumbani, wamejifunika duveti kichwani wasisikike majirani, sicheki wala sisikitiki kama wazee wenzangu. Ni akili ile ile: unachukua kitu laini ulichonacho unazuia nacho mwangwi. Ninachowatakia ni kwamba siku moja duveti zisitoshe, walazimike kuwaita majirani.

Sasa nirudi kwenye simu ya binti. Baada ya pole na dua nilimwuliza kaseti iko wapi. Akasema ipo, nzima. Ndipo aliponieleza jambo ambalo baba yake hakuniambia hata mara moja. Yule mama mjane, baada ya vita, alihamia Kirushya kwa binti yake aliyeolewa huko. Barabara ni mbaya na miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Kwa hiyo kila Idi na kila Krismasi marehemu aliifunga mashine kwenye keria ya baiskeli, ameizungushia blanketi, akaendesha mpaka Kirushya ili mama amsikie mwanawe. Mikanda ya ndani ya mashine ilipokatika aliitengeneza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Alifika, akawasha, mama akasikiliza, akashukuru, wakala chakula, akarudi. Miaka ikapita hivyo, na hakumwambia mtu.

"Halafu siku moja," binti akasema, "mama yule akamwuliza baba kama kaseti ile ina upande wa pili."

"Upo," baba akamjibu.

"Una nini?"

"Hauna kitu. Nimeutunza."

"Unamtunzia nani?"

Baba akaanza kuifunga mashine kwenye blanketi. Mama akamwambia, na haya ni maneno yake kama binti alivyoyapokea kwa baba yake: "Mwanangu yuko upande huu. Hatoki, na wewe humtoi. Huko kwingine nasa watoto wa watu, walio hai. Na usije tena na kaseti yenye upande mtupu nyumbani kwangu."

Nilivyosikia hivyo nilicheka na machozi yananitoka, maana ulimi ule niliutambua. Marehemu alirudi nyumbani, akatafuta mawe, na Jumapili iliyofuata akasimama nje ya kanisa la Kirushya, yeye na kofia yake ya viua, akiomba ruhusa ya kunasa kwaya. Upande wa pili ulijaa siku hiyo. Akanunua kaseti nyingine, kisha nyingine. Alinasa kwaya, ngoma, maharusi, watoto wa shule, wanawake wakipalilia. Hakuna iliyopigwa redioni, na binti anasema hakuuliza tena. Binti mwenyewe sasa ana chumba cha kurekodia Rusumo, kando ya malori yanayosubiri kuvuka. Kuta amezipiga magodoro, na malori yanapowasha injini wote humo ndani wanapumzika mpaka yapite. Kuna kwaya ya Murusagamba imekwisha omba zamu. Atafungua matanga yakiisha.

Tuna desturi ya kuwaheshimu waliotutoka kwa kunyamaza. Tunafunga chumba chao, tunafunika redio yao, hatuimbi wimbo wao, na tunaita hilo upendo. Ni upendo kweli, sibishi. Lakini nimejifunza kwa mama yule, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu, kwamba aliyetutoka ana nafasi yake na haipungui tukiwapa walio hai yao. Jana nilimpigia dada yangu aliye Tabora, ambaye kwa muda sasa tumekuwa tunatumiana ujumbe wa maandishi tu, nikabonyeza kitufe cha kunasa kwenye simu, nikamwambia aongee chochote.

"Kuna nini?" akauliza, na wasiwasi umemjaa.

"Hakuna kitu," nikamjibu. "Tupo tu."